Shahada ya uchumi katika chuo binafsi: ipime kama unavyopima gunia

SOMO LA WIKI

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa, kwa kawaida mwezi Julai, wafanyabiashara wengi wa Karatu na wafugaji wa Ngorongoro hukabiliwa na uamuzi mmoja mzito. Kijana amefaulu, ametaja chuo binafsi, na ametaja shahada ya uchumi. Mzazi anatazama mbaazi zilizo shambani, vitunguu vilivyoko Mang'ola au ng'ombe walioko bomani, kisha anajiuliza: je, niuze?

Ukurasa huu hushughulika na bei za mazao, hisa na hatifungani. Leo tunaiweka shahada hiyo kwenye mizani ile ile. Tunafanya hivyo kwa sababu kwa familia nyingi hakuna uwekezaji mwingine utakaomeza fedha nyingi kiasi hicho kwa mkupuo mmoja. Mtu anayenunua gunia 200 za vitunguu hufungua gunia moja, akapima, akauliza bei ya Arusha na ya Nairobi. Mtu huyo huyo anaweza kulipa ada ya miaka mitatu bila kuuliza swali hata moja.

Wakulima wa vitunguu wanaijua vizuri hasara ya lumbesa. Gunia lililofungwa lumbesa linamwumiza mkulima kwa kuwa limeuzwa kwa macho badala ya kilo. Shahada iliyonunuliwa kwa jina la chuo tu, au kwa uzuri wa kipeperushi chake, imenunuliwa kwa macho vile vile.

CHUO BINAFSI KILITOKA WAPI

Kwa miaka mingi Mtanzania aliyetaka shahada ya uchumi nchini alikuwa na mlango mmoja mkuu, nao ni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichopata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 1970. Soko huria lilipoingia katika biashara, liliingia pia katika elimu ya juu. Mwaka 1995 Sheria ya Elimu ilifanyiwa marekebisho na kuundwa baraza la ithibati kwa elimu ya juu. Baada ya hapo vyuo vikuu vya mashirika ya dini na vya watu binafsi vilianza kufunguliwa. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, Mwanza, kilianza mwaka 1998, na hadi leo kinajulikana kwa masomo ya jamii, uchumi ukiwemo.

Mwaka 2005 baraza lile lilirithiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, yaani TCU, ambayo husimamia vyuo vikuu vya umma na vya binafsi kwa sheria moja. Jambo hili ni la msingi kwa mzazi. Shahada ya kwanza iliyoidhinishwa na TCU ina kiwango cha chini kilekile, iwe imetolewa na Serikali, kanisa, msikiti au kampuni. Kwa kawaida huchukua miaka mitatu na angalau krediti 360, na kila krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi.

Hivyo basi neno "binafsi" pekee halikwambii kama bidhaa ni nzuri au mbaya. Linakwambia nani anamiliki duka. Ndani ya gunia inabidi uangalie mwenyewe.

HATUA YA KWANZA: ITHIBATI

Kabla ya hesabu yoyote, hakikisha mambo mawili: chuo chenyewe kinatambuliwa na TCU, na programu ya uchumi anayoitaka kijana imeidhinishwa. Mambo haya hayafanani. Chuo kinaweza kuwa halali huku kozi moja ndani yake imesimamishwa.

Huu si wasiwasi wa bure. Mwaka 2017 TCU ilivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya kwa mwaka wa masomo 2017/2018, na katika vyuo vingine 22 ikazuia udahili katika kozi 75. Baadhi ya vyuo hivyo viliruhusiwa tena baadaye baada ya kurekebisha kasoro. Hata hivyo mzazi aliyekuwa amejiandaa kulipa alilazimika kubadili mpango wakati msimu wa udahili umekwisha kuanza.

TCU hutoa kila mwaka mwongozo wa udahili unaoorodhesha vyuo, programu na sifa za kujiunga. Tumia mwongozo wa mwaka huu. Ule aliokuachia jirani ambaye mwanawe alijiunga miaka minne iliyopita umepitwa na wakati. Kwa mwanafunzi wa kidato cha sita, kiwango cha chini cha jumla kwa miaka ya karibuni kimekuwa ufaulu wa masomo mawili ya msingi wenye jumla ya pointi 4.0, ambapo A ni pointi 5 na E ni pointi 1. Kwa mwenye stashahada, GPA isiyopungua 3.0. Programu moja moja zinaweza kudai zaidi ya hapo. Ukiona mtu anamwahidi mwanao nafasi chini ya viwango hivyo "kwa utaratibu maalumu", funga mkoba wako na uondoke.

HATUA YA PILI: GHARAMA YOTE, SI ADA PEKEE

Hapa ndipo wafanyabiashara hodari hukosea hesabu ambayo dukani wasingeikosea. Wanauliza ada, wanaizidisha mara 3, basi. Somo la kwanza kabisa la uchumi linasema kwamba gharama ya jambo lolote ni pamoja na kile ulichokiacha ili ulipate.

Tuchukue mfano. Tarakimu hizi ni za kufundishia tu, msomaji aweke zake.

Tuseme ada ni shilingi 1,500,000 kwa mwaka. Malazi na chakula ni shilingi 1,800,000. Lakini kijana angekula hata akiwa nyumbani Rhotia au Oldeani. Tukiondoa shilingi 600,000 za chakula ambacho angekula kwa vyovyote, nyongeza halisi ni shilingi 1,200,000. Vitabu, nauli, kuchapa kazi na mafunzo kwa vitendo, tuseme shilingi 500,000.

Sasa kilichoachwa. Kijana huyu, kama angebaki akisimamia duka au akikusanya vitunguu, tuseme angeingiza faida ya shilingi 200,000 kwa mwezi. Hizo ni shilingi 2,400,000 kwa mwaka ambazo familia haitazipata.

Jumla kwa mwaka ni 1,500,000 na 1,200,000 na 500,000 na 2,400,000, yaani shilingi 5,600,000. Kwa miaka mitatu ni shilingi 16,800,000.

Ada ya miaka mitatu ni shilingi 4,500,000 tu. Ni zaidi kidogo ya robo ya gharama halisi. Mzazi anayechagua chuo kwa kulinganisha ada peke yake anabishania bei ya kamba ya gunia huku vitunguu vyenyewe havijapimwa.

Hebu tuendelee. Tuseme kuna chuo kingine ambacho ada yake iko chini kwa shilingi 500,000 kwa mwaka. Kwa miaka mitatu mzazi ataokoa shilingi 1,500,000. Ni fedha nzuri. Lakini kama katika chuo hicho ratiba zinavurugika, walimu wanaondoka katikati ya muhula, matokeo yanachelewa, na kijana akamaliza kwa miaka minne badala ya mitatu, mwaka ule mmoja wa ziada unagharimu shilingi 5,100,000. Akiba yote imeliwa zaidi ya mara tatu. Kwa mantiki hiyo, swali la kuuliza kabla ya "ada ni kiasi gani?" ni "wanafunzi wenu wangapi kati ya 100 humaliza kwa wakati?"

FEDHA INATOKA MFUKO GANI

Shilingi zote zina sura moja, lakini kila mfuko una gharama yake. Tuiangalie mifuko minne inayotumika zaidi huku kwetu.

Mfuko wa kwanza ni mtaji unaozunguka. Fedha ya mfanyabiashara wa mnadani inaweza kuzunguka mara kadhaa kwa msimu mmoja. Ukiitoa kulipa ada unapoteza faida ya kila mzunguko. Hiyo mara nyingi ndiyo fedha ghali kuliko zote, ingawa haidaiwi riba na mtu.

Mfuko wa pili ni mifugo. Ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro kilimo hakiruhusiwi, kwa hiyo ng'ombe ndiye benki na ndiye kiwanda. Anayeuza mitamba watano anauza pia ndama ambao wangezaliwa na maziwa ambayo yangekamuliwa. Anayeuza maksai ameuza nyama tu. Kama ada ni lazima itoke zizini, itoke upande wa madume kwanza, na iuzwe wakati mifugo imenona. Ukingoja barua ya chuo ndipo ukimbilie mnadani wakati wa kiangazi, utauza watatu kwa bei ya wawili.

Mfuko wa tatu ni akiba iliyoko kwenye hatifungani au mifuko ya pamoja ya uwekezaji. Hapa kilichoachwa kinajulikana kwa tarakimu. Mwezi Aprili 2022, kwa mfano, riba ya hatifungani mpya za Serikali za miaka 20 ilishushwa kutoka asilimia 15.49 hadi asilimia 12.10. Tuchukue asilimia 12 kama kipimo chetu cha leo.

Mfuko wa nne ni mkopo. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005, na wanafunzi wa vyuo binafsi vyenye ithibati nao huomba. Mambo mawili yakumbukwe. Kwanza, mkopo hutolewa kwa kuangalia uhitaji, kwa hiyo mtoto wa mfanyabiashara asiuhesabu kabla hajaupata, na hata akiupata huenda usifunike gharama zote. Pili, mkopo ni deni. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2016, mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake. Unafuu ulikuja mwaka 2021 ilipofutwa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, lakini makato ya asilimia 15 yalibaki. Kwa mshahara wa shilingi 700,000, hizo ni shilingi 105,000 kila mwezi kabla ya kodi na michango mingine kuhesabiwa.

HATUA YA TATU: IRUDISHE NINI?

Tukirudi kwenye mfano wetu, shilingi 5,600,000 zinazotumika mwanzoni mwa kila mwaka kwa miaka mitatu, kama zingewekwa mahali penye asilimia 12, mwisho wa mwaka wa tatu zingekuwa takriban shilingi 21,160,000. Hicho ndicho kiasi ambacho shahada inaanza nayo kama deni kwa familia siku ya mahafali.

Ili shahada ilipe kiasi hicho kwa miaka 20 kwa kipimo hicho hicho, mhitimu anatakiwa apate takriban shilingi 236,000 kwa mwezi ZAIDI ya zile ambazo angepata bila shahada. Kama bila shahada angepata 200,000, basi anahitaji kubaki na shilingi 436,000 mkononi, baada ya makato yote, kuanzia mwaka wa kwanza.

Sasa tuseme anakaa miaka miwili akitafuta kazi bila kuingiza chochote. Kile kiasi cha shilingi 21,160,000 kinaendelea kukua, na kipato cha miaka miwili nacho kimepotea. Hesabu inapanda hadi takriban shilingi 32,250,000, na nyongeza inayotakiwa kwa mwezi inafika karibu shilingi 360,000. Miaka miwili ya kukaa na vyeti kwenye bahasha imepandisha kizingiti kwa zaidi ya nusu.

Hesabu hii ina ukali wake. Mishahara hupanda kadiri bei zinavyopanda, wakati riba ya hatifungani haipandi, kwa hiyo kizingiti cha kweli kiko chini kidogo ya hapo. Kwa upande mwingine, kijana aliyebaki sokoni naye asingebaki kwenye shilingi 200,000 milele. Baada ya miaka mitatu angekuwa anawajua wanunuzi na njia za mizigo. Itumie hesabu hii kama dira. Inakuonyesha upande wa kuelekea, na inakuonyesha kwamba kinachoamua faida zaidi ya ada ni muda: muda wa kumaliza na muda wa kupata kazi.

Katika ulimwengu kwa ujumla, elimu imeonekana kulipa. George Psacharopoulos na Harry Patrinos, waliokusanya tafiti za nchi nyingi katika mapitio yao ya mwaka 2018, walipata wastani wa faida ya karibu asilimia 9 kwa kila mwaka wa masomo, na faida kubwa zaidi kwa elimu ya juu katika Afrika kusini mwa Sahara. Hizi ni habari njema. Lakini wastani wa bei ya soko hauuzi gunia lako. Aidha, tafiti hizo zinawahusu watu waliokwisha kupata kipato, wengi wao wakiwa wamesoma zama ambazo wahitimu walikuwa wachache.

HATUA YA NNE: KWA NINI SHAHADA HULIPA

Wachumi wana maelezo mawili. Gary Becker, katika kitabu chake cha mwaka 1964 kuhusu mtaji wa watu, alieleza kuwa masomo humwongezea mtu uwezo wa kuzalisha, kama jembe la kukokotwa na ng'ombe linavyomwongezea mkulima. Michael Spence, katika makala yake ya mwaka 1973, alionyesha kuwa cheti kinaweza kulipa hata kama hakikumwongezea mtu uwezo wowote, kwa sababu kinamwonyesha mwajiri kuwa mtu huyu ni wa aina fulani. Ni alama, kama chapa kwenye ng'ombe. Wote wawili walipata tuzo ya Nobel, Becker mwaka 1992 na Spence mwaka 2001.

Kwa mzazi anayefikiria chuo binafsi, tofauti hii ndiyo kiini cha jambo zima. Vyuo vikongwe vina chapa inayojulikana; mwajiri akiiona anajua zizi. Chuo binafsi kichanga chapa yake haijazoeleka. Mhitimu wake hawezi kuegemea alama, itambidi aegemee uwezo. Kwa hiyo shahada ya chuo kisicho na jina kubwa inaweza kuwa uwekezaji mzuri kabisa, kwa sharti moja: iwe imejaa kitu ndani.

Ajira za Serikali zinalithibitisha hili. Matangazo ya nafasi ya Mchumi Daraja la II hudai shahada kutoka chuo kinachotambuliwa na Serikali, bila kutaja umma au binafsi. Mlango uko wazi kwa wote. Lakini waombaji wakiwa wengi, Sekretarieti ya Ajira huwachuja kwa mtihani wa kuandika. Ithibati inamfikisha kijana kwenye chumba cha mtihani. Ndani ya chumba kile anabaki na alichojifunza.

HATUA YA TANO: FUNGUA GUNIA

Omba chuo orodha kamili ya masomo ya miaka mitatu. Hesabu masomo ya hisabati, takwimu na ekonometria, yaani elimu ya kupima mambo ya uchumi kwa data. Shahada ya uchumi yenye somo moja la hisabati mwaka wa kwanza na nadharia tupu hadi mwisho ni gunia lililojazwa majani katikati. Angalia kama wanafunzi wanagusa programu za kompyuta za takwimu kwa mikono yao, na kama kila mmoja anaandika ripoti ya utafiti wake.

Uliza walimu wangapi wa uchumi ni wa kudumu, na wangapi wanakuja kwa vipindi na kuondoka. Uliza nani alifundisha somo la takwimu muhula uliopita, na kama bado yupo.

Tafuta wahitimu wa miaka mitatu iliyopita. Usiwatafute wale walioko kwenye kipeperushi, hao wamechaguliwa. Muulize mwanafunzi wa sasa akutajie majina ya watu watano wa darasa la kaka yake, kisha ujue kila mmoja anafanya nini. Watano waliookotwa hivyo wanakufundisha kuliko picha ya mmoja aliyefanikiwa.

Hali kadhalika, mpime mwanao. Kijana aliyeikimbia hisabati tangu kidato cha pili, na anachagua uchumi kwa kuwa jina linapendeza, anaelekea kwenye GPA ya chini. Katika madaraja ya vyuo vyetu, GPA ya 3.5 hadi 4.3 ni daraja la pili la juu, na 2.0 hadi 2.6 ni kufaulu tu. Kama anachopenda ni vitabu vya hesabu za biashara, uhasibu na mitihani ya Bodi ya NBAA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1972, inaweza kumfaa zaidi. Chuo cha Uhasibu Arusha kiko jirani, na Chuo Kikuu cha Ushirika kiko Moshi. Vyote viwili ni vya umma, navyo vistahili kuwekwa kwenye ulinganisho huo huo.

MASWALI MAWILI YA KARATU

Mwisho, kuna kipimo ambacho mzazi anaweza kukitumia bila kujua uchumi. Mwendee mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa chuo hicho, umuulize mambo ya hapa nyumbani.

Swali la kwanza: kwa nini bei ya mbaazi ilianguka mwaka 2017? Anayejua kazi yake atakwambia kuwa mnunuzi wetu mkuu ni India. Kwamba India ilikuwa na mavuno makubwa ya jamii ya kunde msimu wa 2016/2017. Kwamba Agosti 2017 Serikali yake iliweka ukomo wa tani 200,000 kwa mbaazi zinazoingizwa nchini humo. Na kwamba mbaazi zetu zilikwisha komaa, hazikuweza kurudishwa ardhini wala hazikuwa na walaji wa kutosha nchini. Mauzo yakiwa na mnunuzi mmoja na zao likiwa limekwisha lipiwa gharama, bei haina pa kushikia. Akiongeza kwamba India ilifungua tena milango mwezi Mei 2021, na akakueleza mkulima angejikingaje katika miaka ile minne, mwulize amesoma chuo gani na umwandikishe mwanao.

Swali la pili: watalii wa kigeni walioingia Tanzania walikuwa 1,527,230 mwaka 2019 na 620,867 mwaka 2020. Nani Karatu aliumia wa kwanza, na nani aliumia wa mwisho? Jibu la "hoteli ziliumia" ni la mtu wa mtaani. Mchumi atafuata mnyororo: waongoza watalii na madereva, wauza mboga kwa hoteli, wenye vyumba vya kupangisha, wauza nyama, hadi muuza duka ambaye hakuwahi kumwona mtalii lakini wateja wake wote walilipwa na utalii. Kisha atakwambia lipi lilipungua kwa nusu na lipi lilipungua kidogo, na kwa nini.

Swali hili la pili lina fundisho kwa mzazi pia. Kama kipato cha familia kinatokana na mbaazi peke yake au utalii peke yake, ada ya mwaka wa pili iko hatarini hata kama ya mwaka wa kwanza ipo mkononi. Mwaka 2017 bei ya mbaazi ilianguka miezi michache tu kabla vyuo havijafungua. Familia yenye busara haianzi safari ya miaka mitatu ikiwa na ada ya muhula mmoja. Iwe na ya mwaka mzima pembeni, na ijue mwaka wa pili utatoka kwenye chanzo gani tofauti.

MUHTASARI WA SOMO

1. Hakikisha ithibati ya chuo na ya programu, kwa mwongozo wa mwaka huu.
2. Hesabu gharama yote, ikiwemo kipato kilichoachwa. Ada ni sehemu yake tu.
3. Jua fedha inatoka mfuko gani, na mfuko huo unapoteza nini.
4. Ogopa kupotea kwa mwaka mmoja kuliko tofauti ya ada.
5. Chuo kisicho na jina kubwa kinaweza kufaa kama kimejaa hisabati, takwimu na walimu wa kudumu.
6. Mpime kijana kabla ya kupima chuo.

ZOEZI

Chukua karatasi leo jioni, wewe na kijana wako. Andika upya hesabu yetu kwa tarakimu zenu: ada ya chuo anachokitaka, kodi ya chumba katika mji huo, nauli kutoka Karatu, na kile ambacho yeye huingiza sasa. Mwache kijana azidishe na kujumlisha mwenyewe. Akiikamilisha bila kusukumwa na akauliza kwa nini tumetumia asilimia 12 badala ya 10, hapo una mchumi nyumbani, na fedha yako inaweza kumfuata. Akiikwepa, bado kuna muda wa kuchagua kozi nyingine kabla dirisha la udahili halijafungwa.